Niliomba Jua Lizidi

Katika miaka ya hamsini, wakati wa Wabeleji, mume wangu alikuwa fundi wa matangi ya ndege hapa Goma. Mimi niligombana na kazi hiyo tangu siku ya kwanza, kwa sababu ya mastike. Ni dawa nyeusi, nzito, inayonata, walikuwa wanaipaka ndani ya bawa la ndege pale mabati yanapoungana, ili esanse, mafuta ya ndege yanayokaa humo, isivuje. Ikigusa shuka, shuka limekwisha. Sabuni haiiwezi. Nilimwambia, "Papa, siku moja utalala inje na hiyo mastike yako." Alicheka tu. Alikuwa na cheko la kuniudhi, mutu yule, na nililipenda.

Yeye ndiye alinifundisha tabia ya dawa hiyo. Mastike inachanganywa kutoka makopo mawili, na ikisha kuchanganywa haimungojei mutu. Asubuhi kukiwa baridi, fundi anapata nafasi ya kuipaka na kuilainisha kwa kidole gumba. Jua likiwaka, inashika mbio, inakuwa ngumu.

Kiangazi kimoja binti yetu wa kwanza, aliyekuwa ametoka tu kujua kutembea, alishikwa na homa. Kwenye dispansere walimuchoma sindano, wakaturudisha nyumbani. Kesho yake homa ikapanda, na neno moja tu likabaki mudomoni mwake: papa, papa. Nikamuacha kwa mama mukwe, nikakimbia mpaka uwanja wa ndege kumuita baba yake.

Pale kwenye mulango kulikuwa mulinzi mumoja, muzee wa Butembo, mutu wa moyo mwema. Alienda kuuliza, akarudi na kofia mukononi.

"Mama, yuko ndani ya bawa. Mastike imekwisha kuchanganywa. Chefu anasema amalize kwanza."

"Nimwambie nini mutoto, muzee?"

"Uvumilie kidogo. Na jua hili, haitakawia."

Nikaketi juu ya jiwe jeusi la volkano, likaniunguza. Hapo ndipo roho inaniuma mpaka leo. Nilitazama jua nikafurahi. Nilisema: likiwa kali, mastike itashika mbio, naye atatoka mbio. Nikamuomba Mungu lizidi. Mimi, mama wa mutoto mwenye homa, niliomba jua.

Nikasikilizwa. Muda si muda nikasikia ndani chuma kinakwangua, kra, kra, kra. Nikamuuliza muzee ni nini. Akatazama viatu vyake.

"Imeshika kabla hajailainisha, mama. Chefu amesema aikwangue yote, waanze kopo lingine."

Hilo kopo lingine nalo likashika upesi. Nilimutukana chefu, nikatukana ndege na mutu wa kwanza aliyewaza kuruka. Muzee aliniacha nitukane. Mume wangu hakujua kama niko pale. Mutu akiwa ndani ya tangi hawamusumbui, wanaogopa kazi itaharibika.

Alipotoka, shati limemugandia mugongoni, aliniona. Tulikimbia wote wawili. Nyumbani tulimukuta mama yake amesimama mulangoni, mikono mitupu, na nikajua.

Aliingia akamubeba mutoto hivyohivyo, bila kunawa. Alikuwa anamupapasa shavu kwa kidole gumba, polepole, kutoka puani mpaka sikioni, kama vile alivyozoea kulainisha kazi yake. Hakulia. Mimi nililia kwa niaba ya nyumba nzima.

Wamama waliokuja kumuosha walikuta alama nyeusi shavuni. Walijaribu sabuni, wakajaribu petroli, haikutoka. Mumoja akaanza kuisugua kwa nguvu, nikamushika mukono.

"Muiache," niliwaambia. "Alimuita papa yake asubuhi nzima, na hicho ndicho alichopata."

Tukamuzika nacho.