Sentensi ya Kwanza ya Baba

Mimi ni mtu wa sentensi za kwanza. Kitabu kikianza kwa kunieleza hali ya hewa, nakirudisha kwenye rafu bila huruma. Kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi wa sekondari hapa Lubumbashi kwamba mstari wa kwanza ukimshika msomaji, habanduki. Katika jambo hilo nilijiona bingwa.

Baba alipofariki mwaka jana, familia iliniachia kuandika historia yake, ile inayosomwa msibani kabla ya kwenda makaburini. Kwetu zote huanza namna moja: marehemu alizaliwa mahali fulani, mtoto wa fulani na fulani. Watu wakisikia hivyo huchungulia simu zao, au huuliza kama maji ya kunywa bado yapo. Niliapa kwamba historia ya baba yangu haitasomwa mbele ya watu wasiosikiliza.

Nikaanza hivi: "Baba alifanya kazi ya reli miaka thelathini, naye aliogopa treni." Mahali alipozaliwa nilipachomeka katikati. Wazazi wake niliona wanachelewesha hadithi, nikawaacha.

Nilisoma nyumbani kwetu Naviundu, chini ya turubai. Kelele zilikoma. Wazee waliofanya kazi naye walicheka, kisha wakalia. Nilirudi kitini nimejaa fahari, na sifichi: fahari, siku ya kumzika baba yangu.

Tuliporudi kutoka makaburini, tukiwa tunanawa mikono mlangoni, shangazi, dada mkubwa wa baba, alinivuta pembeni. Nilidhani atanipongeza. Aliniuliza mbona sikusema ndugu yake alizaliwa na nani. Nikamweleza habari za msomaji na za mwanzo unaoshika. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza.

"Hakuna fasi baliandikaka jina ya mama yetu," akasema kwa Kiswahili cha mjini kwetu. "Hana foto. Hatujue kaburi yake iko wapi. Banamuitaka jina tu ku kilio ya batoto yake. Tulikuwa batoto tano."

Niliona aibu. Nikasema nitarekebisha, nitachapa nakala mpya yenye majina yote, nitawagawia jamaa kwenye misa ya siku arobaini.

"Utachapa, mutoto wangu," akasema, akikausha mikono kwenye kitenge chake. "Lakini kilio ya kumuita, imebakia yangu tu."