Uyoga Alioutangulia Mama

Uyoga ule niliuchuma mimi, pembezoni mwa msitu wa miyombo juu ya mji wa Rumonge, asubuhi moja siku chache baada ya mvua za kwanza. Kofia ya njano, shina nene, harufu ileile ya uyoga wa Tanzania, tulikoishi ukimbizini miaka mingi kabla ya kurudi huku kwetu. Nilifurahi kama niliyekutana na ndugu yangu njiani. Nikampelekea mama.

Mama akaunusa, akauvunja, akasema, "Ndio wenyewe." Jirani yetu, ambaye hajawahi kuhama hapa, akachungulia kapu na kutikisa kichwa.

"Hapana, mama. Huu huku hatukulaka. Iko sumu."

Sasa nimwamini nani? Mama anajua uyoga wa kule, jirani anajua wa hapa, na uyoga mbele yangu ni mmoja. Au macho yangu ndiyo yalinidanganya? Nilikasirika, wala sikujua namkasirikia nani.

Mama hakubishana. Aliupika asubuhi ileile kwa mawese na chumvi, akajipakulia, akaniambia mimi na wanangu tusubiri mpaka jua lifike utosini. Hata kule alifanya hivyo kila msimu. Utotoni roho iliniuma kweli. Sisi tunameza mate, yeye anakula peke yake! Niliwaambia hadi wadogo zangu kwamba mama yetu ni mlafi.

"Mama, acha basi," nilimwambia. "Kama unaujua, tule wote. Kama huujui, tumwage."

Alitafuna kwanza, akameza.

"Mwanangu, tulipofika kule hatukujua uyoga hata mmoja. Nanyi mlikuwa na njaa. Ilibidi mmoja atangulie."

"Kwa hiyo hukuwa unajua?"

"Nilikuwa najua mchana, nikijiona bado mzima."

Alisema hivyo huku anakwangua sahani. Sikujua nilie au nimgombeze. Nilikaa naye mkekani, nikimtazama macho na midomo, kila akikohoa nashtuka. Naye ananicheka, eti ninamhesabia pumzi.

Jua lilifika utosini, mama yu mzima kabisa.

"Haya, wapakulie watoto," akasema.

Niliingia jikoni, nikaibeba sufuria, nikaimwaga yote shimoni nyuma ya nyumba. Kwa nini, hata leo sielewi. Mama aliitazama ile sufuria tupu, akaniuliza watoto watakula nini.