Mistari ya Kichwa Changu

Yule daktari wa utafiti simpendi hadi leo, na sioni sababu ya kujisumbua kumpenda.

Nilikuwa na kifafa. Katika miaka ya sabini, kila mwaka mama alinitoa Subukia akanipeleka Nakuru, ambako daktari alitubandika nyaya kichwani sisi wagonjwa, na mashine ikachora kwenye karatasi mistari ya umeme wa ubongo. Alikuwa akitupa dawa yake, na alitaka kuona mistari inavyobadilika mwaka hadi mwaka. Mara ya kwanza mama alinipaka samli nywele zote, maana kwetu mtu haendi mjini na kichwa kikavu. Foleni ilikuwa ndefu, msaidizi akanipangusa juujuu, nyaya zikawa zinateleza. Mistari ikatoka midogo, hafifu.

Kabla ya kipimo cha pili baba alifariki, tukanyolewa wote nyumbani, kama ilivyo desturi yetu. Safari hii nyaya zilishika ngozi tupu, mistari ikatoka mikubwa. Nilikuwa nimeitwa chuo cha ualimu, na mkuu wa chuo alikuwa anasubiri neno la daktari tu.

"Mama, ubongo ya huyu inaendelea kuharibika," daktari alisema, akilinganisha karatasi mbili mezani. "Kufundisha hataweza."

"Lakini daktari, mwaka jana alikuwa na nywele, na mafuta mingi. Saa hii amenyolewa."

"Mashine haiangaliangi nywele, mama."

Hata kugeuza shingo anitazame hakutaka, mjinga yule mwenye tai. Chuo kikampa mwingine nafasi yangu, nami nikabaki nyumbani kukamua ng'ombe, nikimlaani kila asubuhi.

Mwaka wa tatu nywele zilikuwa zimeota. Nikamwambia mama anipake samli, tena asinibanie. Mistari ikatoka midogo, kama nilivyotaka. Daktari akafurahi, akawaita wageni wake waje waone jinsi dawa yake ilivyoniponya. Nilisimama katikati yao.

"Kama nimepona," nikamwambia mbele yao, "mwambie mkuu wa chuo anirudishie nafasi yangu."

"Hiyo mambo ya chuo mimi siingiliangi."

"Mwaka jana uliingilia."

Akamwita mgonjwa aliyefuata.