Mpaka wa Mkaa

Nilipokuwa mtoto, nilimchora mama yangu usoni kwa mkaa akiwa amelala mchana. Mstari mmoja tu, kutoka kwenye paji la uso mpaka ncha ya pua.

Nilikumbuka hayo juzi, nilipomwona bodaboda wa stendi ya Singida ana malengelenge nusu ya uso, na abiria wanamkwepa. Mama alikuwa hivyohivyo alipougua mkanda wa jeshi. Jicho la kushoto lilivimba likafumba, na nyumba nzima ikanuka dawa ya kupaka na vitunguu tulivyokuwa tumeanika. Jirani yetu, Mama Neema, alisimama uani akanong'ona kwa sauti ya kufika kata ya Mwankoko: "Mkanda ukikutana pande zote mbili, mtu hatoki. Tena kwa ule ugonjwa wake!"

Mimi nikaamua hautakutana. Nikauwekea mpaka.

Siku hizi najua kwamba VVU vilikuwa vimeshusha kinga ya mama, na kwamba mkanda wa usoni kwa kawaida hukaa upande mmoja hata bila mchoraji. Daktari alinieleza vizuri sana. Sifa zangu bado nazidai.

Mama aliamka, akajitazama kwenye kioo. Nikajiweka tayari kukimbia. Lakini hakunawa. Alijifunga khanga, akatoka na mstari wake mpaka uani, akasimama mbele ya jirani.

"Mama Neema, mwanangu ameweka mpaka, mkanda hauvuki. Jicho limebaki moja, na linakuona vizuri."