Wifi Aliyefutwa Daftarini

"Wifi yangu hajafa! Mmemfutaje kwenye daftari la wapiga kura?" fundi cherehani alifoka, akigonga meza ya karani. Mwezi mzima alikuwa amezunguka mlango kwa mlango bila malipo, akikagua majina ya mtaa, maana mgombea wao aliyepigania zahanati alishindwa mara iliyopita kwa kura tatu tu.

Karani akamsogezea fomu ya marehemu. "Mama, mwandiko huu wa nani?"

Ulikuwa wake mwenyewe, tena wa kujidai. Alipokuwa akinakili majina ya waliokufa, aliruka mstari na kuandika la wifi yake. Ilibaki nusu saa ofisi ifungwe, na leo ndiyo siku ya mwisho ya kusahihisha.

Alikimbia nyumbani, akamkuta wifi yake anafua. "Wifi, nimekuua kwa kalamu. Twende ofisini sasa hivi, la sivyo hupigi kura!"

Wifi alimkazia macho, mikono imejaa povu. Kisha wakatoka mbio wote wawili.

Karani alikuwa anafunga mlango. Fundi akaingiza mguu. "Marehemu huyu hapa, muulize mwenyewe!"

Jina likarudishwa. Nje, fundi alijifunika uso kwa khanga.

"Na lile gauni langu uliloliunguza kwa pasi," wifi alisema akihema, "basi, nimekusamehe. Maiti hadai."