Ile ya Tatu Isiyoonekana

Nilikuwa msichana wa kuolewa pale Burungu, Wabelgiji wangali wanatawala, na Padiri wa misioni yetu alikuwa na darubini. Wakati wa kiangazi, ng'ombe wakisha kurudi na moshi umetulia mabondeni, aliisimamisha mbele ya kanisa mara baada ya sala ya jioni. Tulipanga mstari, tumejifunika vitenge kwa baridi.

Jioni moja nyuma yangu alisimama kijana mgeni aliyeleta mawese kutoka Walikale. Alikuwa ameinua uso, mdomo wazi.

"Dada," aliniambia polepole, "kwetu miti inafunika. Sikujua nyota ziko mingi hivi."

Padiri alielekeza darubini kusini, kwenye nyota kali iliyo karibu na Msalaba. Ukiacha jua, alisema, hakuna nyota tunayoiona kwa macho iliyo karibu nasi kuliko hiyo. Nikaweka jicho. Ile nyota moja niliyoijua tangu utoto ikapasuka kimyakimya, ikawa mbili, zimekaribiana kama maharagi ndani ya ganda.

"Iko mbili!" nikapaza sauti. Watu wakacheka.

"Njo vile," Padiri alikubali. "Zinazungukana. Na kuna ya tatu, kadogo sana, hata chombo hiki hakiioni. Iko mbali nazo. Wenye kusoma nyota wanafikiri inatembea pamoja nazo, lakini hawajahakikisha."

Mgeni akauliza, "Padiri, ao inapita tu?"

"Inawezekana."

Niligeuka kumtazama. Hakuwa anaangalia juu tena. Alikuwa ananiangalia mimi.

Kesho yake alikuja kwetu kusalimia. Papa, baba yangu, hakumpenda. "Muntu wa pori," alisema baadaye. "Leo iko hapa, kesho hatutamuona." Na kweli alienda. Mvua ikanyesha, tukavuna maharagi, tukavuna mtama, nami nikazipita siku hizo kama mtu aliyeamka nusu. Mama aliniuliza kama ninaumwa.

Kiangazi kilichofuata alirudi na wajomba zake, wanavuta mbuzi wa mahari kwa kamba. Papa alitazama mlima walioupanda, akatazama miguu yao iliyovimba.

"Ingieni, bapapa," akasema. "Mukae."

Basi yule kijana akanioa, nikashuka naye Walikale. Nakumbuka mwanga wa kule, wa kijani, kama tunaishi chini ya maji, na sauti za ndege nisiowaona. Jioni ya kwanza nilitoka mlangoni, nikainua kichwa. Majani tu. Nikalia, na mume wangu akaniona.

Asubuhi alichukua shoka, akaanza kuangusha miti nyuma ya nyumba, akiendelea upande wa kusini hata mama yake akachoka kunyamaza.

"Shamba gani hii haina mwisho?"

"Mama, muke wangu anatoka milimani. Anahitaji mahali pa kuangalia."

Mama mkwe aligomba siku nzima. Jua lile la wazi lilimwogopesha; alipita pembeni, kivulini, akienda mtoni. Lakini msimu wa kupanda ulipofika alitia mihogo pale, na mchana mmoja nilimkuta ameketi juu ya gogo, uso juani, macho amefumba. Alisikia hatua zangu. Akapigapiga gogo kwa kiganja, nikae karibu naye.