Masuke Juu ya Meko

Mwezi uliopita nilirudi kijijini kwetu, kando ya barabara ya Ifakara kwenda Mlimba, tukabomoa jiko la bibi. Nyasi zilikuwa zimeoza na ukuta umelala upande. Kwenye boriti iliyokuwa juu ya meko nikakuta kamba zake za ukindu, nyeusi kwa masizi, bado zimefungwa. Nikakaa chini. Vijana wakadhani jua limenizidi, maana siku hizi naamkiwa na kila anayepita.

Wewe uliyekulia bonde la Kilombero unajua kamba zile zilishika nini. Kila mavuno bibi alichagua masuke mazuri ya mpunga, akayafunga mafungu mafungu na kuyaning'iniza kwenye moshi ili wadudu wasiyaguse. Hiyo ndiyo mbegu. Hata njaa iingie, hakuna aliyenyoosha mkono pale. Mpunga wake ulikuwa na ncha nyeusi. Mama yake alitoka nao Mahenge, na kijiji kizima alibaki nao yeye peke yake. Ukipikwa, watoto wa jirani walijua bila kuitwa. Msimu wa kuamia ndege tulihamia naye ng'ambo ya mto, tukipiga madebe tangu alfajiri mpaka sauti zinakauka, na jioni tukagombania ukoko kwa kambale wa kukausha.

Miaka ya themanini mwanzoni, nikiwa likizo ya kidato cha pili, alishuka kwenye treni mwinjilisti mwenye kitambaa kikubwa kilichochorwa wanyama wa pembe nyingi. Akahubiri kwamba Bwana atarudi kabla mpunga wa msimu ule haujachanua, na siku akaitaja. Hata sisi Wakatoliki tulimjazia uwanja. Bibi hakujua kusoma. Aya nilimsomea mimi, na aliniamini mimi kuliko mwinjilisti.

Agizo la mwisho likawa kwamba asiwepo wa kubaki na mbegu, maana anayetunza mbegu anangoja msimu, hamngoji Bwana.

"Kwani huko tunakokwenda hawali?" bibi akauliza.

"We bibi nawe! Utapanda wapi, mawinguni?" jirani yetu akamtania. "Na jembe utabeba?"

Watu wakacheka. Bibi akanigeukia mimi. "Mjukuu wangu, wewe umesoma. Imeandikwa hivyo?"

Haikuandikwa, na nilijua. Lakini niliona aibu nyumba yetu kuwa ndiyo pekee yenye masuke.

"Imeandikwa, bibi."

Akapanda juu ya kigoda, akatoa fungu moja moja. Kamba akaziacha mahali pake. Tukatwanga, tukapika, kijiji kikanukia mpaka relini. Sijawahi kula wali mtamu kama ule, na nilirudia sahani.

Siku yenyewe tulijifunga shuka nyeupe, tukakaa kwenye tuta la reli tangu asubuhi tukiimba. Treni ikapita, abiria wakatupungia mikono wakidhani ni harusi. Jua likazama pale pale linapozama siku zote. Kesho yake mwinjilisti hakuonekana. Akapita mzee mmoja aliyekataa kujiunga nasi, jembe begani, matope mpaka magotini.

"Hamjambo, watakatifu! Mvua ndiyo hii. Shamba mnakwenda lini?"

Ndiye huyo huyo aliyetugawia mbegu yake. Ikaota, tukavuna, hatukufa njaa. Ila bibi alikuwa anafunua sufuria, ananusa, anafunika tena. Hakunigombeza hata siku moja. Afadhali angenichapa.

Jumapili alirudi kanisani nami nikiwa ubavuni pake. Katika Baba Yetu, tukifika "ufalme wako ufike," alinyamaza, kisha akaungana nasi kwenye maneno yanayofuata. Ikawa hivyo kila Jumapili. Masuke hakuyaning'iniza tena. Siku aliyokufa bibi, padri alisali naye taratibu kitandani, na pale pale akanyamaza.

Nimeutafuta mpunga ule sokoni Ifakara na mpaka Masagati, nikiingiza mkono kila gunia. "Mzee, huu ndio unaonukia," wananiambia. Nanunua, napika, nafunua, nanusa. Kusali nasali bado, lakini nikifika pale alipokuwa ananyamaza, sauti yangu nayo haitoki.

Siku ile tunabomoa, mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu mhubiri mwingine anayetaja siku. "Babu, dunia inaisha tena!" akasema, anacheka. Nikamwambia aitie boriti motoni pamoja na takataka nyingine, na kamba zake hivyo hivyo. Kisha nikasogea upande unaokwenda moshi, nikavuta pumzi nikiwa nimefumba macho.

Ulikuwa moshi tu.